Gitaa la Triplex

Kwaya yetu ilipokubaliana kununua gitaa la umeme, hakuna aliyegombania pesa, maana pesa zenyewe hazikuwepo. Ugomvi ulikuwa juu ya tumbo. Vijana walitaka gitaa la ubao mtupu, lile jembamba lenye pembe mbili wanaloliona kwenye video za Kinshasa. Wazee walitaka lenye tumbo na matundu. Hoja yao ilikuwa moja na haikuwa na jibu: jenereta ya kanisa huzimika. Huzimika wakati wa sadaka, huzimika wakati wa toba, na Jumapili moja ilizimika mhubiri akiwa palepale kwenye Mwanzo, Mungu anapoumba nuru. Gitaa la ubao likikosa umeme linabaki ubao. Lenye tumbo litaendelea kusikika, walau hadi benchi la pili, na wimbo utafika mwisho bila aibu.

Kijana mmoja akasema tumbo ni mambo ya kale. Mzee mmoja wa sauti ya besi akamuuliza kama amewahi kumsikia Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, akiimba Kiswahili kwa gitaa lisilo na waya wa umeme hata mmoja. "Bosco alikuwa na jenereta?" Kijana akanyamaza. Tukafikia suluhu ya Kikongo kabisa: tununue la umeme, lakini lenye tumbo, na liwe la bei ya chini.

Kwa asiyepajua, Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, si mbali na Ishango ambako mto Semliki unaliaga ziwa na kwenda zake Ziwa Albert. Kwa kuwa tumo ndani ya hifadhi, riziki yetu si jembe bali nyavu. Sisi tunapandisha tilapia Butembo, na Butembo inatushushia maharage, viazi, sabuni na kila kitu kisicho na mapezi. Ikiwemo muziki.

Nilitumwa mimi, kwa kuwa ndiye mpiga solo. Nilisindikizwa na Kambale. Nikisema hivyo sijamtaja mtu: kwetu Wanande mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, na ukiliita jina hilo sokoni nusu ya soko itageuka. Wala msomaji wa pwani asidhani nilisafiri na samaki.

Butembo kuna wafanyabiashara wanaoijua Guangzhou kuliko wanavyoijua Kinshasa. Mzigo wao unatua Mombasa, unavuka Uganda, unaingilia Kasindi, na mwisho wake unaning'inia kwenye msumari katika duka linalouza pia pampu za maji, vioo na suruali za watoto. Gitaa letu lilikuwa hapo, jekundu la kung'aa, tumbo la duara, matundu mawili yaliyopinda kwa umbo la herufi f, moja kila upande. Muuzaji alilishusha kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo pampu hazikuipata.

"Hii ni Gibson," akasema.

"Gibson?"

"Gibson ya China."

Hapa sina budi kueleza ukoo. Gitaa la namna hii mzazi wake ni ES-335, ambayo Gibson wa Marekani waliitoa mwaka 1958. Kabla ya hapo magitaa ya umeme yenye tumbo yalikuwa na tumbo tupu kabisa, sauti nzuri ya kushiba, lakini ukiongeza ampli yanapiga kelele yenyewe. Gibson wakaweka gogo la mti katikati ya tumbo, kuanzia shingoni hadi mkiani, wakaacha mashavu mawili matupu pembeni. Nusu tumbo, nusu ubao. Ikawa dawa. Ukitaka hiyo ya kweli, mpya, andaa zaidi ya dola elfu tatu. Chini yake kuna ngazi ya wenye akili na mfuko mdogo: Epiphone, ambao ni watoto wa Gibson wenyewe, Ibanez na magitaa yao ya Artcore yaliyoanza mwaka 2002, Gretsch na Streamliner zao za tangu 2016, Harley Benton wanaouzwa na duka la Thomann la Ujerumani. Hao wote unawapata kwa mia chache za dola, na wapigaji wengi wakubwa hawawaonei haya. Chini ya ngazi hiyo kuna ardhi. Gitaa letu lilikuwa chini ya ardhi.

Bei ilianzia dola mia moja na hamsini, ikashuka hadi mia na ishirini baada ya Kambale kutoka dukani kwa hasira na kurudi kwa upole, kazi anayoijua sana. Tukatoa pesa. Muuzaji akazinusa. "Hizi zimetoka ziwani?" Zilitoka ziwani kweli, ni mchango wa mama wauza samaki, na dola zikilala kwenye kitambaa cha kiunoni mwa muuza samaki haziwezi kunukia manukato. Harufu akaisamehe. Asichokisamehe ni noti moja ya ishirini yenye mchaniko pembeni, usiofika urefu wa chawa. Msomaji wa Kongo ameshaelewa. Noti ya franka hapa inaweza kuwa imetafunwa na mbuzi na kugandishwa kwa gundi ya viatu, nayo itapokelewa kwa tabasamu. Lakini dola ikichubuka imekufa. Muuzaji aliiinua juani, akaipima kwa ukucha, akaturudishia kwa masikitiko ya daktari anayetoa habari za mgonjwa. Tulizunguka mji hadi tukampata mbadilisha pesa aliyekubali kuichukua kwa kumi na saba. Dola tatu zikazikwa Butembo.

Tulirudi na lori la samaki, linaloshuka likiwa na makreti matupu na magunia ya maharage. Gitaa tulilifunga kwenye kipande cha turubai, tukalizungushia kamba za nyavu. Tulilifunga vizuri mno. Kwenye kizuizi kimoja njiani, askari aliona kitu kirefu, chembamba huku, kinene kule, kimefichwa kwa juhudi kubwa, mikononi mwa wanaume wawili juu ya magunia. Kivu ya Kaskazini hiyo.

"Shuka na hicho kitu."

Nikashuka.

"Ni nini?"

"Gitaa, afande."

"Fungua."

Kamba za nyavu, ukitaka kujua, hazikufungwa ili zifunguliwe. Kambale alitumia meno. Turubai lilipoanguka askari hakuridhika. Aliona vifundo vya sauti na tundu la jeki pembeni, akauliza kama ni la umeme. Nikakubali. "Basi piga." Nikamwambia hapa barabarani hakuna umeme. "Basi nitajuaje kama ni gitaa?"

Hapo nikaukumbuka ugomvi wa wazee, na nikawaombea maisha marefu. Gitaa la ubao lingekosa ushahidi pale. Ungelipiga angesikia panya anakwaruza. Hili lenye tumbo lilitoa sauti ndogo lakini ya kweli, yenye utamu wa kutosha kwa watu watano waliosimama karibu. Nikapiga seben, ile sehemu ya mwisho ya rumba ambayo miguu haisubiri ruhusa. Askari alianza kwa kutikisa kichwa, kikafuata kiuno. Akamwita mwenzake. Mwenzake akaomba wimbo wa Franco. Nikapiga kitu kinachofanana na Franco. Lori zima likasubiri, dereva akipiga honi isiyo katika ufunguo wowote. Tulipoachiwa tulilipa kama wanavyolipa wengine, ila safari hii aliyepokea aliimba.

Butembo iko juu kwenye baridi, zaidi ya mita 1,700 toka usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita mia tisa na kitu, kwenye joto na unyevu. Tofauti hiyo mwili wa binadamu huimaliza kwa kuvua koti. Gitaa halina koti. Nyuzi zikipata joto hurefuka na kulegea, mti ukinywa unyevu huvimba, na kila kimoja hufanya hivyo kwa mwendo wake. Nililifunga sauti Butembo kwa msaada wa simu ya muuzaji. Tulipofika ziwani kila uzi ulikuwa umejiunga na dhehebu lake.

Mapokezi yalikuwa makubwa. Mama walipiga vigelegele, watoto walitia vidole kwenye matundu, mzee wa besi alilitazama tumbo akaridhika. Kisha akaja fundi wa mitumbwi. Huyu ni jirani, ni mtu wa maneno machache, na ana tabia ya kukigonga kila kitu cha mti kwa kifundo cha kidole ili kukisikiliza. Aligonga uso wa gitaa. Akagonga mgongo. Akaweka sikio.

"Triplex," akasema.

Kimya kikaanguka. Huku kwetu triplex ni ile mbao ya karatasi-karatasi iliyogandishwa, inayopigiliwa kwenye plafon, yaani dari, za nyumba za Butembo. Mama mmoja aliyechangia dola tano aliuliza kwa sauti kama tumenunua plafon ya dola mia na ishirini. Nikajitetea, na utetezi wangu ulikuwa wa kweli: hata ES-335 yenyewe, tangu 1958, uso na mgongo wake ni mbao za kugandishwa, mepo na popla zimelaliana kwa tabaka. Si ubahili. Mti wa tabaka unakubali kukandamizwa upate umbo, haupasuki ovyo, hauogopi sana unyevu. Gitaa la mti mzima lililochongwa kwa patasi ni la watu wenye nyumba kavu na bima.

"Na ndani?" fundi akauliza.

Nikamweleza habari za gogo la katikati. Akachukua tochi, akamulika kupitia tundu. "Ah," akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Mkuku." Chombo kina mkuku, basi ni chombo. Watu wakaanza kupumua. Lakini tochi haikutoka tunduni. Ilisogea kushoto, ikasogea kulia. "Huu mkuku haujagusa kitu." Nikachungulia. Gogo lilikuwepo kweli, limekaa katikati peke yake. Kati yake na uso wa gitaa palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole, na nafasi hiyo ilikuwa imejazwa gazeti lililokunjwa, la Kichina, lenye picha ya mwanamke anayetangaza jokofu.

Kwa hiyo tulikuwa na gitaa linalofanana na nusu tumbo, lenye uzito wa nusu tumbo, na tabia zote za tumbo tupu. Hilo tulilijua jioni ya mazoezi ya kwanza.

Mafundi wa sauti wa kwetu, waliofunzwa kwa Kifaransa, huita jambo hilo la gitaa kulia lenyewe larsen, kwa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmark aliyelieleza. Sauti inatoka kwenye spika, inaupiga uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, mikro iliyo chini ya nyuzi inasikia mtikisiko na kuupeleka kwenye ampli, ampli inaukuza na kuurudisha kwenye spika, na spika inaupiga tena uso. Mzunguko ukishafunga hauhitaji mpigaji. Mimi nilikuwa nimeinua mikono yote miwili hewani, kama ushahidi, na gitaa bado lililia. Lilianza kwa mlio wa chini wa ng'ombe, likapanda, likapanda, likawa mluzi mmoja mrefu uliotoka kanisani, ukateremka hadi kwenye mitumbwi, na kurudi.

Sasa, Kyavinyonge mluzi wa usiku una maana yake. Viboko wa Virunga walikuwa kama 29,000 miaka ya 1970. Vita na ujangili viliwashusha hadi chini ya elfu moja kufikia 2005 na 2006. Waliobaki hawakai majini kusubiri wageni. Usiku wanatoka kula majani, na majani mengine yako uani kwa mtu. Anayemwona kiboko anapiga mluzi, anayesikia anapiga bati, na wote wanatoka na tochi kumsindikiza mheshimiwa arudi ziwani bila kupitia sebuleni kwa mtu.

Kijiji kilitoka. Kilitoka na masufuria, na mabati, na mapanga, na mama mmoja alitoka na mwiko. Walilizunguka kanisa, ambako ndiko mluzi ulikotoka, wakaanza kupiga. Sisi ndani tulidhani wanatushangilia. Mkuu wa kwaya aliongeza sauti.

Kesho yake tuliitwa kwa nyumbakumi. Alikuwa na daftari, kalamu na mashahidi.

"Nani alipiga ule mluzi?"

Mkuu wa kwaya ni mwalimu, na walimu wana ugonjwa wa kueleza vizuri. "Si mtu, mzee. Ni larsen."

Nyumbakumi akaandika. "Larsen nani?"

"Larsen tu."

"Ni mtu wa wapi?"

"Larsen mwenyewe? Wa Denmark."

"Ni mgeni, basi. Aliingia lini? Mbona hakuja kujiandikisha?"

"Hapana, mzee, yeye alishakufa. Tangu 1957."

Kalamu ikasimama. Mashahidi wakasogeza viti nyuma kidogo. Nyumbakumi akatutazama mmoja mmoja, akaanza na mkuu wa kwaya akamalizia kwangu, akauliza kwa sauti ya chini: "Na nyinyi munamwita usiku? Ndani ya kanisa?"

Ilichukua muda. Tulieleza spika, tukaeleza mikro, tukachora duara kwenye vumbi, na kila tulipoeleza zaidi hali ilizidi kuwa mbaya, kwani kitu kinachozunguka chenyewe gizani na kulia bila kuguswa ndicho hasa mashahidi walichokuwa wakikiogopa. Mwishowe tuliokolewa na Kambale, aliyesema kwa ufupi kuwa gitaa ni bovu. Nyumbakumi akalielewa hilo mara moja. Tukatozwa kreti moja ya Fanta, na katika daftari lake, ambalo nililisoma kichwa chini, palibaki mstari usemao: *Larsen, raia wa kigeni, hayupo tena.*

Niliumia kidogo, kwa sababu najua wenzetu kosa lile lile liliwapa utajiri. Mwaka 1964 Beatles walipokuwa studio, gitaa la John Lennon lenye mikro liliegemezwa kwenye ampli likaanza kunguruma. Badala ya kuitwa kwa nyumbakumi, mngurumo ukawekwa mwanzoni mwa "I Feel Fine", dunia nzima ikaununua. Na huyo Lennon hakuanzia juu. Gitaa lake la kwanza lilikuwa Gallotone Champion, la bei ya chini, lililotengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo, ileile iliyotoa sahani za nyimbo alizorekodi Tracey. Ndani yake palikuwa na kibandiko kinachohakikisha kwamba halitapasuka. Letu lilikuwa na mwanamke na jokofu.

Dawa nayo tuliipata kwa wakubwa. B.B. King, aliyekuja kupiga Kinshasa Septemba 1974, alikuwa akijaza vitambaa ndani ya matundu ya magitaa yake ili yasilie. Baadaye, kuanzia 1980, Gibson wakamtengenezea Lucille isiyo na matundu kabisa, nguo zake zikapumzika. Mkuu wa kwaya alipoisikia habari hiyo hakungoja mjadala. Jumapili asubuhi nilikuta matundu yote mawili yameshindiliwa kitambaa hadi pomoni, na gitaa limenyamaza vizuri kabisa. Tulipiga wimbo wa kuingia. Tulipiga wa sifa. Ampli ilikuwa juu, wazee wamefumba macho, vijana wamekubali kwamba tumbo nalo lina faida zake.

Wimbo wa sadaka watu hupita mbele. Mama mdogo wangu alipita, akatumbukiza noti yake kwenye kapu, akainua macho kunisalimia kwa nyusi, na macho yakashuka kwenye gitaa. Kwenye tundu la kushoto palichomoza ncha ya kitambaa, si kubwa, pana kidole kimoja, ya zambarau na njano. Yeyote aliyeishi Kongo anavijua vitenge vya tarehe 8 Machi, vinavyochapishwa kila mwaka kwa siku ya wanawake, ambavyo mama hawavigawi, hawaviazimishi, wala hawavikati. Chake kilikuwa kimetoweka kwenye kamba ya kuanikia tangu Ijumaa.

Hakusema neno. Alishika ile ncha kwa vidole viwili akavuta. Mimi niko katikati ya solo, siwezi kuachia. Kitenge kikaanza kutoka, nusu mita, mita moja, picha za wanawake wenye majembe zikipita kwenye kitundu chembamba moja baada ya nyingine, na waumini waliokuwa nyuma, wasioona vizuri, wakaanza kusema Amina. Mama mdogo akawa anakikunja mkononi kwa utaratibu kadiri kinavyotoka. Kilipomalizika kutoka, Larsen akaingia.

Sitaeleza mluzi ule. Nitasema tu kwamba nje ya kanisa, mchana kweupe, mtu alipiga bati.

Baada ya hapo matundu yalibaki wazi, na hili nalo ni jambo ambalo wauza magitaa hawalitaji: tundu likiwa wazi Kyavinyonge, kitu kitaingia. Pleki zangu za kupigia nyuzi nazikata kwenye plastiki ya kadi za simu, na zote, bila kukosa, huanguka humo ndani. Kuitoa pleki kwenye gitaa la tumbo kunataka watu wawili: mmoja analigeuza kichwa chini na kulitikisa, mwingine anatazama tundu na kupiga kelele "inakuja!" nayo haiji. Siku tuliyolitikisa kwa dhati, juu ya mkeka, zilitoka pleki zote, mende wawili wenye afya, magamba ya tilapia, njugu, na noti ya franka mia tano iliyokunjwa mara nne. Mhasibu wa kanisa, aliyekuwa akipita tu, akasema ile ni sadaka. Nikasema ni gitaa langu. Akasema gitaa ni la kwaya, na kwaya ni ya kanisa. Shauri hilo halijaisha; noti iko kwenye bahasha kwa mtu wa tatu.

Magamba yalinieleza siri ya paka. Gitaa lililala karibu na samaki wa kukaushwa, triplex ikanywa harufu, na tumbo tupu huhifadhi harufu kuliko sanduku. Paka wa mchungaji alianza kuja mazoezini. Wakati wa mahubiri marefu, gitaa likiwa limeegemezwa ukutani, alitia mkono ndani ya tundu la kulia hadi begani, akatafuta, hakupata, akajaribu kuutoa. Umbo la f lina tumbo katikati na shingo nyembamba juu na chini. Paka aliingilia tumboni akatokea shingoni. Nyuzi zote sita zilisikika. Vijana walisema baadaye kwamba ndiyo solo bora iliyowahi kupigwa kwenye gitaa lile, na sikuwajibu.

Katika vurumai hiyo uzi wa kwanza ulikatika. Kununua nyuzi ni safari ya Butembo, kwa hiyo fundi wa pikipiki aliusuka waya wa breki, akachambua unyuzi mmoja mwembamba, tukaufunga. Si jambo la kudharau. Luambo, kabla hajawa Franco, akiwa mtoto Léopoldville pembeni mwa meza ya mama yake aliyeuza mandazi sokoni, alijitengenezea gitaa la kopo na nyuzi za waya. Waya wa breki una sauti kali kidogo, na vidole vinatoka damu, ila haukatiki. Nadhani utadumu kuliko gitaa.

Wiki iliyopita fundi wa mitumbwi alikuja tena. Alikuwa na futi na penseli sikioni. Alipima tumbo, akapima shingo, akahesabu pini, akamulika tena ndani na kutikisa kichwa mbele ya yule mwanamke wa jokofu. Akasema atatengeneza la pili. Triplex anayo, ilibaki kwenye plafon ya mtu. Mkuku atauchonga kwenye mti wa mtumbwi, nao utagusa juu na kugusa chini, si wa kuzugia. Mikro tuzing'oe kwenye hili. Bei yake ilikuwa theluthi ya ile ya Butembo, na tulianza kupatana vizuri hadi nilipomwonyesha mahali pa kukata matundu.

Aliondoa penseli sikioni, akaiweka mfukoni.

"Matundu hapana," akasema.

Nikamwambia Gibson nao walifika kwenye wazo hilo hilo, kwa ajili ya B.B. King.

"Sasa mbona haya ya kwenu wameyatoboa?"

"Kwa ajili ya sauti, fundi. Na urembo."

Alilitazama ziwa, ambako mitumbwi yake yote inaelea, akanitazama mimi. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikikata tundu kwenye chombo, kesho yake nyumba nzima inakuja kwangu na jeneza."